Waya Upi Uchomeke Wapi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuunganisha Kompyuta na Monita, Runinga au Projekta

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila wiki kaunta kwangu hapa Mtwara mjini, na mengine huja kwa simu kutoka Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi mjini hadi Kilwa Masoko. Msimu wa korosho ukifunguliwa huongezeka: vyama vya msingi vinatafuta projekta za mikutano, na vijana wenye mabanda ya mpira wanabadilisha runinga. Inaniuma kuona mtu anatoka Masasi, karibu kilometa 200, ananunua waya, anarudi nao nyumbani, kisha anakuta hauingii, au unaingia lakini picha haiji. Soma kwanza, ndipo upande basi.

## Ya kuanzia

Nije na nini dukani ili nisiuziwe waya usionifaa?

Njoo na majibu matatu: tundu lililopo kwenye chombo kinachotoa picha, tundu lililopo kwenye chombo kinachoipokea, na umbali kati yao. Chombo kinachotoa ni kompyuta, king'amuzi au simu. Kinachopokea ni monita, runinga au projekta. Ukiweza kubeba laptop yenyewe, ibebe. Usipoweza, piga picha matundu yote mawili kwa karibu.

Usije na jina la waya peke yake. Jina linaeleza umbo la kichwa tu. Halielezi picha inatoka upande upi kwenda upande upi, na hapo ndipo pesa nyingi za wateja wangu zimepotelea. Angalia swali la adapta hapo chini.

Nitazitambuaje kwa macho VGA, DVI, HDMI, DisplayPort na USB-C?

VGA mara nyingi ni ya bluu, ina pini zilizopangwa safu tatu na skrubu mbili pembeni. DVI ni pana kuliko zote, mara nyingi nyeupe, nayo ina skrubu mbili na upande mmoja ina bapa moja refu la chuma. HDMI haina skrubu; ni bapa na kona zake mbili za chini zimebanwa kwa ndani. DisplayPort inafanana na HDMI, ila imekatwa kona moja tu. USB-C ni kitundu kidogo cha mviringo mrefu ambacho ukichomeka juu chini au chini juu ni sawa.

Wanaochanganya zaidi ni HDMI na DisplayPort. Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazotoka maofisini zina VGA moja na DisplayPort mbili bila HDMI hata moja. Mtu anaona tundu bapa, anasema ni HDMI, analazimisha kichwa mpaka chuma kinapinda. Hesabu kona zilizokatwa. Ikiwa moja, ni DisplayPort. Ikiwa mbili, ni HDMI.

Kwa nini yapo matundu mengi hivi? Si wangeweka moja tu?

Kila moja lilizaliwa wakati wake. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, enzi za monita zenye kisogo kikubwa. DVI ikaja mwaka 1999, monita bapa zilipoanza kuenea. HDMI ilitoka mwishoni mwa 2002, ikiletwa na kampuni za runinga zikiwemo Sony, Philips na Toshiba, ndiyo maana imebeba picha na sauti kwenye waya mmoja. DisplayPort ilitoka mwaka 2006 kwa VESA, taasisi inayoweka viwango vya skrini za kompyuta, ikiwalenga watu wa kompyuta. USB-C ilikuja mwaka 2014, na mwaka huohuo ikawekewa utaratibu wa kupitisha picha ya DisplayPort ndani yake.

Desemba 2010, Intel, AMD na watengenezaji kadhaa wa kompyuta na monita walitangaza kwamba wataachana na VGA ifikapo 2015. Kwenye laptop mpya kweli imetoweka. Lakini projekta haizeeki haraka kama laptop, na huku kwetu shule na ofisi nyingi bado zina projekta zenye VGA zinazofanya kazi vizuri kabisa. Sioni sababu ya kutupa projekta nzima kwa ajili ya tundu.

Nasikia VGA ni analogi na HDMI ni dijitali. Mimi inanihusu nini?

Inakuhusu kwenye mambo mawili. La kwanza ni namna waya unavyoharibu picha. VGA hupeleka picha kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo: kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo inavyofifia, na unaona kivuli pembeni ya maandishi. HDMI, DisplayPort na DVI ya dijitali hupeleka namba. Namba zikifika salama, picha ni safi ileile, waya uwe wa bei kubwa au ndogo. Zisipofika, unaona vidoa vinavyometameta, picha inakatika na kurudi, au huoni kitu.

La pili ni kwamba analogi na dijitali haziunganishwi kwa waya mtupu. Lazima katikati kuwe na chombo cha kutafsiri, ndiyo adapta.

## Adapta na kugeuza

Adapta ya HDMI kwenda VGA na ile ya VGA kwenda HDMI si kitu kimoja?

Hapana. Hili ningependa libandikwe mlangoni kwa kila muuza vifaa.

Ndani ya adapta hizi kuna kijisakiti kinachosoma upande mmoja na kuandika upande wa pili. Kinakwenda njia moja tu. Ukiwa na laptop mpya yenye HDMI na projekta ya zamani yenye VGA, unahitaji HDMI kwenda VGA. Ukiwa na kompyuta ya zamani yenye VGA na runinga mpya yenye HDMI, unahitaji VGA kwenda HDMI. Ukinunua ya kinyume, vichwa vinaweza hata kuingia vyote, taa ikawaka, na picha isije milele. Chombo si kibovu. Kimewekwa kichwa chini miguu juu.

Mwalimu mmoja aliniletea adapta ya tatu mkononi. Zote tatu alizinunua mahali tofauti, zote ni nzima, na zote zilikuwa za VGA kwenda HDMI. Alichokuwa nacho ni laptop ya HDMI. Hakuna aliyemuuliza picha inatoka wapi.

Kuna nyongeza mbili. VGA haibebi sauti, kwa hiyo adapta nzuri ya HDMI kwenda VGA huwa na kitundu cha kuchomeka waya wa spika. Na ile ya VGA kwenda HDMI huhitaji umeme wake, kwa kawaida kupitia kiwaya cha USB. Usikiache kiwaya hicho kwenye boksi ukidhani ni cha ziada.

Nimeona waya mtupu wenye HDMI upande huu na VGA upande ule, bei rahisi sana. Unafaa?

Kama hauna sakiti ndani, haufai kwa laptop wala king'amuzi. Uache.

Kompyuta yangu ina DisplayPort, runinga ina HDMI. Nifanyeje?

Hii ni rahisi. Matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yana uwezo wa kutoa mawimbi ya HDMI yenyewe, na pembeni yake utaona alama ya herufi D na P ikifuatiwa na alama mbili za kujumlisha. Hapo adapta ndogo ya bei nafuu inatosha, na sauti inapita.

Kinyume chake, kompyuta ya HDMI kwenda monita yenye DisplayPort peke yake, adapta hiyo ndogo haifanyi kazi. Unahitaji konveta yenye sakiti na umeme wake, nayo ni ghali. Kabla ya kuinunua, zunguka nyuma ya monita uangalie tena. Mara nyingi kuna tundu jingine.

DVI yangu naweza kuipeleka kwenye HDMI? Na kwenye VGA je?

DVI ya dijitali kwenda HDMI inapita bila sakiti, kwa kuwa lugha ya picha ni moja. Sauti usiitegemee.

Kwenda VGA inategemea. Tazama lile bapa refu la chuma kwenye tundu. Likiwa limezungukwa na vitundu vinne vidogo, DVI hiyo inatoa na analogi, adapta ndogo ya VGA itafanya kazi. Vitundu vinne visipokuwepo, ni ya dijitali tupu, na unahitaji konveta kama ile ya HDMI kwenda VGA.

Nataka kuchomeka king'amuzi kwenye HDMI ya laptop nitazame mpira. Inawezekana?

Kwa waya peke yake, hapana. Tundu la HDMI la laptop, karibu zote, ni mlango wa kutokea. King'amuzi nacho kinatoa. Umewakutanisha wasemaji wawili bila msikilizaji. Kuna vifaa vya kunasa picha vinavyoingia kwenye USB, lakini vingine hukataa picha za king'amuzi kwa sababu zimefungwa kwa ulinzi wa hakimiliki unaoitwa HDCP. Tafuta monita ya mtumba yenye HDMI na spika mbili ndogo. Ni nafuu, na umeme ukikatika katikati ya mechi hujapoteza kazi zako za kwenye laptop.

Simu yangu ina USB-C. Nikinunua waya wa USB-C kwenda HDMI nitaona picha kwenye runinga?

Si kila USB-C inatoa picha. Umbo ni moja, uwezo ni tofauti. Samsung Galaxy za familia ya S tangu S8 ya mwaka 2017 zinatoa, na iPhone tangu 15 zinatoa. Simu nyingi za bei ya chini hazitoi, na hakuna waya utakaozibadilisha. Kwa hizo jaribu kurusha picha bila waya, kama runinga yako ina uwezo huo.

Kwenye laptop ni hivyohivyo. Angalia alama pembeni ya tundu: herufi D na P zilizobebana, au alama ya radi ya Thunderbolt, ambayo ni USB-C ya kasi kubwa. Lakini kuna laptop zisizo na alama yoyote na bado zinatoa, kwa hiyo njoo nayo tuijaribu kabla hujalipa.

## Waya umeingia, picha ina matatizo

Runinga inaandika "No Signal". Waya ni mbovu?

Huenda. Lakini kwanza chukua remoti, bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, uhakikishe umechagua HDMI ileile uliyochomeka. Runinga ikiwa na HDMI tatu, namba imeandikwa pembeni ya kila tundu. Kisha kwenye kompyuta yenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, uchague picha ijirudie pande zote mbili. Bado? Chomoa, safisha, chomeka tena mpaka mwisho. Halafu ndipo tuulaumu waya.

Kama ni kompyuta ya mezani, tazama nyuma. Ikiwa imewekewa kadi ya picha, kuna matundu sehemu mbili: yale ya ubao mkuu karibu na USB, na yale ya kadi, chini zaidi. Chomeka kwenye kadi.

Projekta inaonyesha picha ya mandhari tu, faili langu halionekani. Kwa nini?

Kompyuta imeitandaza meza yake kwenye skrini mbili, na faili lako limebaki upande wa laptop. Tumia Windows na P kama hapo juu. Hili hutokea dakika tano kabla mkutano haujaanza, mgeni rasmi ameshakaa, kwa hiyo jifunze vitufe hivyo viwili leo.

Picha ya projekta imegeuka njano yote. Au pinki. Taa imekufa?

Ukiwa unatumia VGA, taa mara nyingi haina kosa. VGA hupeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye pini yake: namba 1, 2 na 3. Ukipoteza bluu, picha inakuwa njano. Ukipoteza kijani, inakuwa pinki ya kuelekea zambarau. Ukipoteza nyekundu, inakuwa ya samawati. Kwa hiyo rangi yenyewe inakuambia pini ipi ina shida.

Zima vyote, chomoa, geuza kichwa kielekee dirishani. Pini zilizosimama sawa hung'aa kwa pamoja. Iliyolala utaiona kwa kivuli chake, imeegemea jirani yake au imezama. Chukua bomba tupu la kalamu ya wino, lile jembamba la ndani lililokwisha, livishe juu ya pini uiinue polepole, kidogo kidogo, bila kuirudisha mbele na nyuma, maana ukiirudisha mara tatu inakatika. Nimefufua nyaya nyingi kwa njia hii, zikiwemo za mwaka ambao duka halikuwa na nyaya mpya mpaka mzigo ufike kutoka Dar.

Nimehesabu waya wangu wa VGA, una pini 14. Nimeuziwa mbovu?

Hapana. Nafasi ni 15, lakini waya mwingi hutengenezwa bila pini namba 9, iliyo safu ya katikati, na picha huja kama kawaida. Mahali pa pini hiyo utaona plastiki laini. Ukiona kitundu chenye kipande cha chuma kilichobaki ndani, hapo imekatika kweli.

Picha ipo kwenye runinga, sauti inabaki kwenye laptop.

Bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua runinga iwe mahali pa kutolea sauti. Kama umepitia VGA, hakuna sauti ya kuchagua. Unahitaji waya wa spika.

Kingo za picha zimekatwa, sioni saa ya chini ya skrini.

Runinga inavuta picha kama ilivyozoea matangazo. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au maneno yanayofanana na hayo.

Monita inaandika "Out of Range".

Kompyuta inatuma pikseli (vidoti vinavyounda picha) nyingi au kasi kubwa kuliko uwezo wa monita. Chomeka monita nyingine, punguza kipimo, kisha rudisha ya kwanza. Projekta nyingi za shule ni za pikseli 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, na kasi ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inatosha.

## Umbali, kumbi na mabanda

Ukumbi wetu una mita 20 kutoka mezani hadi kwenye projekta. HDMI itafika?

Waya wa kawaida wa HDMI huanza kuleta wasiwasi ukipita mita 10 hadi 15 kwa picha ya 1920 kwa 1080, na kwa picha ya 4K, yenye pikseli mara nne ya hiyo, hata mita 5 ni mbali. Kwa mita 20 una njia tatu. Ya kwanza ni HDMI ya nyuzi za mwanga. Hii ina upande wa chanzo na upande wa skrini, umeandikwa kwenye vichwa, na ukiupitisha darini kinyume utaufumua wote. Ya pili ni jozi ya kisambazaji na kipokezi vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao. Mimi huipenda hii, kwa sababu panya akikata waya wa mtandao unaweza kuupata hata Tandahimba. Ya tatu ni VGA nene, kama projekta inaikubali: maandishi yatafifia kidogo, lakini picha itafika.

Kabla ya kuupitisha darini, utandaze sakafuni uujaribu saa nzima.

Nina runinga mbili bandani. Ninunue nini zote zionyeshe mechi?

Kigawanyaji cha HDMI, chenye mlango mmoja wa kuingia na miwili ya kutoka. Usikichanganye na kibadilisha chanzo, ambacho huingiza vyombo viwili na kutoa kwenye runinga moja. Vinafanana sana. Soma maandishi juu ya matundu. Runinga zikiwa na uwezo tofauti, vigawanyaji vingi vitashusha picha ifuate ile dhaifu.

Waya wa dhahabu unaboresha picha? Na nichague toleo gani la HDMI?

Dhahabu haiongezi ubora wa picha. Inachelewesha kutu tu, na kwetu pwani hilo si jambo dogo.

Kuhusu toleo, namba kama 1.4, 2.0 na 2.1 ni za vyombo. Waya hupimwa kwa uwezo wa kupitisha. Kwa 4K ya hezi 60 tafuta ulioandikwa Premium High Speed, wa gigabiti 18 kwa sekunde. Ultra High Speed ni gigabiti 48, kwa wenye michezo ya kompyuta ya kasi kubwa. Kwa king'amuzi na runinga ya kawaida, High Speed inatosha. Baki na pesa yako.

## Hewa ya bahari na umeme

Kwa nini vichwa vya nyaya vinageuka kijani?

Chumvi ya hewa. Projekta iliyotoka Msangamkuu ililetwa kwangu ikiwa na ukungu wa kijani ndani ya tundu la VGA, kama ule wa sarafu ya zamani. Tulizima, tukasafisha kwa brashi laini na spiriti safi, tukaiacha ikauke, picha ikarudi. Usitumie maji wala mafuta ya kupikia. Kisichotumika kifunikwe, waya uwekwe kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mwenye vyombo vyake Mikindani au Shangani akague kila baada ya miezi michache. Wa Newala, juu ya uwanda, hasumbuliwi na chumvi sana, ila vumbi.

Naweza kuchomeka HDMI vyombo vikiwa vinawaka?

Imetengenezwa hivyo, ndiyo. Lakini kama laptop iko kwenye soketi moja na projekta kwenye nyingine, au moja iko kwenye jenereta, na waya wa ethi haupo au ni mbovu, ukigusa vyuma unaweza kuhisi mtetemo. Umeme huo unaovuja unaweza kuua tundu la HDMI. Chomekeni vyombo vyote kwenye mkia mmoja wa umeme, unganisheni waya wa picha kwanza, kisha washeni. Radi zikianza, chomoa umeme, chomoa na HDMI, na usisahau waya wa dishi, maana radi hupitia hapo pia.

DisplayPort yangu haichomoki. Niivute kwa nguvu?

Usivute. Vichwa vingi vya DisplayPort vina ndoano mbili ndogo na kitufe cha kubonyeza juu yake. Bonyeza, shikilia, ndipo uvute. Kompyuta ikiwa imesukumwa ukutani, isogeze kwanza upate nafasi ya kidole.

Niko Liwale, siwezi kuja. Nitaagizaje bila kukosea?

Piga picha nne: matundu ya kompyuta kwa karibu, matundu ya runinga au projekta kwa karibu, kibandiko cha modeli cha kila chombo. Futa vumbi kwanza, na elekeza tochi ya simu nyingine pembeni ili kona za tundu zionekane. Weka njiti ya kiberiti karibu na tundu kabla ya kupiga, kwa sababu HDMI ipo ya kawaida, ndogo na ndogo zaidi, na kwenye picha isiyo na kipimo zote zinaonekana sawa. Umbali upime kwa kamba ukifuata njia waya utakapopita, juu ya ukuta na kuzunguka mlango, halafu ongeza mita moja.